Malipo ya M-Pesa na ya kadi ndani ya BigQuery: kwa nini jumla hazilingani

Swali: Nina duka la mtandaoni la leso na viungo hapa Mombasa. Wateja wengi hulipa kwa M-Pesa kupitia Paybill iliyounganishwa na Daraja, na walio ng'ambo hulipa kwa kadi kupitia Paystack, lango la malipo ya mtandaoni. Kijana aliyenitengenezea tovuti ameanza kupeleka taarifa za malipo kwenye BigQuery, ghala la data la Google kwenye wingu, ili nione mauzo ya kila siku. Lakini jumla ya BigQuery huwa kubwa kuliko taarifa ya M-Pesa, hata nikiyaondoa malipo ya kadi, na fedha zinazofika benki huwa pungufu ya zote mbili. Niiamini jumla ipi? Na je, ninunue programu ya kuunganisha iliyo tayari, au tuendelee na yetu?

Jibu: Dada yangu, nitaanza na jumla, kwa sababu ukishaelewa kwa nini hazilingani, swali la kununua programu litakuwa jepesi. Kwa jinsi ulivyoeleza, jumla ya BigQuery karibu hakika ina malipo yaliyohesabiwa mara mbili, ilhali jumla ya benki si makosa hata kidogo, ila inajibu swali jingine: haikuambii uliuza kiasi gani jana, inakuambia ni kiasi gani kimebaki baada ya makato na kimefika lini. Hivyo usichague moja ukazitupa nyingine. Zote tatu zinahitajika, na kazi yenyewe ni kuzifanya zieleze tofauti zao, risiti kwa risiti.

Tuanze na M-Pesa, maana hapo ndipo ninapodhani kuna kasoro kubwa. Daraja, ambayo ni njia rasmi ya Safaricom ya kuunganisha mifumo ya biashara na M-Pesa, inaweza kukuletea habari ya malipo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ombi la STK, pale tovuti yako inapoifanya simu ya mteja ionyeshe dirisha la kuweka namba ya siri. Mteja akimaliza, Daraja hutuma ujumbe kwenye anwani uliyoitaja wakati wa kuomba. Ya pili ni ya malipo ya kawaida ya Paybill, pale mteja anapofungua menyu ya M-Pesa mwenyewe, akaandika namba ya biashara na namba ya akaunti. Hapo ujumbe wa uthibitisho hupelekwa kwenye anwani nyingine, ile mliyoisajili mapema kwa Paybill nzima. Sasa, biashara ikiwa imewasha njia zote mbili, malipo yaliyoanza kwa ombi la STK huleta ujumbe wa kwanza na wa pili pia, kwa kuwa kwa upande wa M-Pesa fedha zimeingia kwenye Paybill ileile. Malipo ni moja, habari ni mbili, na zimeandikwa kwa maumbo yasiyofanana.

Mwambie kijana wako afungue ujumbe mmoja wa kila aina auweke mbele yenu. Katika ule wa STK mtaona namba ya risiti ikiitwa MpesaReceiptNumber, kiasi kikiitwa Amount na wakati ukiitwa TransactionDate. Katika ule wa Paybill risiti inaitwa TransID, kiasi kinaitwa TransAmount na wakati unaitwa TransTime. Kwa kuwa majina ni tofauti, mtu huunda majedwali mawili, kisha akayajumlisha akidhani kwamba moja ni la wateja wa tovuti na jingine ni la waliolipa wenyewe. Ukichukua risiti moja ya malipo ya STK, zile herufi na tarakimu 10 ambazo mteja huziona kwenye ujumbe wake wa simu, ukaitafuta katika majedwali yote mawili, utaikuta pande zote. Risiti hiyo ndiyo utambulisho wa malipo. Si namba ya oda, si kiasi, si simu ya mteja.

Kuna jambo dogo linaloambatana na hili. Ujumbe wa STK huja hata malipo yanaposhindikana: ResultCode ikiwa 0 fedha zimelipwa, ikiwa 1032 mteja amekataa mwenyewe, ikiwa 1 salio halikutosha. Ujumbe wa kushindwa hauna kiasi ndani yake wala risiti, kwa hiyo programu inayochukua kiasi kutoka kwenye oda badala ya kwenye ujumbe inaweza kuhesabu fedha ambazo hazikulipwa kamwe. Hakikisheni kwamba kiasi kinatoka kwenye ujumbe wenyewe na kwamba ResultCode ni 0.

Habari moja inaweza pia kufika zaidi ya mara moja kwa njia ileile. Paystack, kama malango mengine mengi ya malipo, hutuma tena ujumbe wake isipopata jibu la kupokelewa. Na seva yako ikiwa imehifadhi ujumbe lakini ikachelewa kujibu, lango halina namna ya kujua kwamba kazi imefanyika. Niliwahi kuitwa na kampuni moja iliyosherehekea mwezi wa mauzo mazuri kuliko yote, na tulipokagua tukakuta seva yao ilikuwa inatuma barua pepe ya shukrani kwa mteja kabla ya kulijibu lango, na barua hiyo ilikuwa inachukua muda mrefu kiasi kwamba lango lilikata tamaa na kutuma tena. Baadhi ya malipo yalikuwa yameandikwa mara tatu. Bidhaa zilikuwa zimeshaagizwa kwa kutegemea takwimu hizo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa kuwa fedha za mtaji zilikuwa zimekwenda kwenye rafu ambazo hazikuwa na wanunuzi.

BigQuery haitakulinda dhidi ya hilo. Unaweza kutangaza safu fulani kuwa ufunguo wa jedwali, lakini haizuii mstari wenye ufunguo uleule kuingia tena. Ulinzi lazima muujenge wenyewe. Njia ninayoipendekeza ni kuwa na majedwali ya namna mbili. La kwanza ni la ghafi, ambamo kila ujumbe huandikwa jinsi ulivyokuja, neno kwa neno, pamoja na saa ulipofika na jina la lango, na hapo hakuna kinachofutwa wala kurekebishwa. La pili ni la malipo yaliyosafishwa, mstari mmoja kwa kila malipo, ambalo hujazwa kutoka kwenye ghafi kwa amri ya MERGE inayotazama vitu viwili, jina la lango na risiti: ikiwa risiti ipo, mstari husasishwa, ikiwa haipo, huongezwa. Kwa Paystack, mahali pa risiti mtatumia namba ya kumbukumbu ya muamala, ile inayoitwa reference. Mkigundua kosa baada ya miezi mitatu, mtalifuta jedwali safi na kulijenga upya kutoka kwenye ghafi bila kumwomba mtu yeyote data ya zamani.

Wakati wa kusafisha, mambo mawili huharibu hesabu kimyakimya. La kwanza ni kipimo cha fedha. Daraja huandika kiasi kwa shilingi, Paystack huandika kwa senti. Leso ya shilingi 1,500 iliyolipiwa kwa M-Pesa itakuja kama 1500.00, na ileile ikilipiwa kwa kadi itakuja kama 150000. Asiyegawanya kwa 100 atadhani wateja wa ng'ambo wanalibeba duka lote. Mkishagawanya, hifadhini kiasi katika aina ya NUMERIC na si FLOAT64, kwa sababu FLOAT64 hukadiria desimali, na makadirio hayo madogo yakijumlishwa kwa maelfu huzaa senti zisizo na mwenyewe.

La pili ni saa, na hapa naomba unifuate polepole. Chukua usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 2025, Ramadhani, watu wako macho wakisubiri daku na wanatafuta leso za Idd kwenye simu. Wateja wawili wanalipa kwa wakati mmoja, saa sita na dakika thelathini na tano usiku, mmoja kwa M-Pesa na mwingine kwa kadi. M-Pesa itaandika 20250314003512, yaani saa za Afrika Mashariki, bila kutaja kwamba ni za Afrika Mashariki. Paystack itaandika 2025-03-13T21:35:12.000Z, na ile Z ya mwisho inamaanisha saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Ni dakika ileile, lakini moja imeandikwa tarehe 14 na nyingine tarehe 13. BigQuery nayo, usipoiambia vinginevyo, huhesabu siku kwa UTC. Basi kijana wako anaposoma wakati wa M-Pesa kwa amri ya PARSE_TIMESTAMP lazima ataje eneo la saa, 'Africa/Nairobi', na kila mnapotoa tarehe kutoka kwenye wakati uliohifadhiwa, kwa lango lolote, amri ya DATE nayo itajiwe eneo hilohilo. Angalizo: ikiwa hamjataja eneo popote, tarehe za M-Pesa zitaonekana sahihi kwa bahati tu, na za kadi zitakosea kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri, ndiyo maana kosa hili hukaa muda mrefu bila kuonekana.

Sasa tuje kwenye ujumbe usiofika kabisa, kinyume cha ule unaojirudia. Ujumbe wa lango ni kama hodi mlangoni, na asipokuwepo mtu wa kufungua, mgeni anaweza asirudi. Msitegemee kwamba Daraja itawatumia tena ujumbe mlioukosa wakati seva ilipozimika. Kwa hiyo kipokezi, yaani programu inayopokea ujumbe wa malango, kiwe kitu chepesi sana kisichofanya kazi nyingine yoyote: kipokee, kikabidhi ujumbe kwenye foleni, kijibu mara moja. Kwa kuwa tayari mko kwenye wingu la Google, kipokezi kinaweza kukaa Cloud Run, huduma yake ya kuendesha programu, na foleni ikawa Pub/Sub, ambayo kwa kawaida huutunza ujumbe usiochukuliwa kwa siku 7 na ina uwezo wa kuuandika moja kwa moja kwenye jedwali la BigQuery bila programu ya katikati. Jedwali hilo ndilo lile la ghafi. Ombi la STK likikaa bila majibu, msilihesabu kuwa limeshindwa. Daraja ina huduma ya kuulizia hali ya ombi kwa kutumia CheckoutRequestID yake, itumieni kabla ya kumwambia mteja alipe tena.

Kipokezi hicho pia ni mlango ambao mtu yeyote kwenye intaneti anaweza kuubisha. Paystack hutia kila ujumbe sahihi ya HMAC, yaani alama fiche iliyotengenezwa kutokana na ujumbe wenyewe na ufunguo wenu wa siri, katika kichwa cha ujumbe kiitwacho x-paystack-signature. Ujumbe ambao sahihi yake haikubaliani na hesabu yenu utupwe. Ujumbe wa Daraja hauna sahihi ya namna hiyo, kwa hiyo hitaji lake ni jingine: anwani ya HTTPS isiyobahatishika, kuruhusu namba za IP za Safaricom pekee, na kwa malipo makubwa kuthibitisha risiti kwa huduma ya kuulizia hali ya muamala kabla ya kufunga mzigo. Na wakati wa kuisajili anwani, msiweke ndani yake maneno kama mpesa au safaricom, maana Daraja inaonya dhidi yake na nimeona watu wakipoteza siku nzima wakitafuta kosa mahali pengine.

Hadi hapo utakuwa umejua ulilipwa nini. Bado benki. Tuseme siku moja umepokea malipo 11 ya kadi, jumla shilingi 61,000, na tuchukulie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba ada ni asilimia 3. Ada itakuwa shilingi 1,830, na kitakachopelekwa benki ni 59,170, kwa mkupuo mmoja, siku nyingine, bila majina ya wateja wala namba za oda. Ukikaa na taarifa ya benki na kujaribu kukisia malipo yaliyomo ndani ya 59,170, utachoka bure. Paystack yenyewe inaweza kuulizwa orodha ya malipo yaliyounda kila mkupuo, na orodha hiyo iletwe BigQuery kila siku kama jedwali la tatu: namba ya mkupuo, tarehe, risiti zilizomo, ada ya kila risiti. Hapo 59,170 ya benki itafunguka kuwa malipo 11 na makato 11, na kila shilingi itakuwa na jina.

Kwa M-Pesa mambo ni tofauti kidogo. Ujumbe wa Daraja hautaji ada yoyote, na ada inayomwangukia mfanyabiashara hutegemea mpango wa Paybill mliouchagua: kuna mpango ambao mteja hulipa gharama yote, kuna ambao biashara hulipa, na kuna ule wa Mgao ambao mnagawana. Fedha nazo hukaa kwenye akaunti ya M-Pesa ya biashara hadi zihamishiwe benki. Chanzo cha kuaminika cha makato na uhamisho huo ni taarifa mnayoipakua kwenye tovuti ya M-Pesa ya wafanyabiashara, yenye safu za risiti, wakati wa kukamilika, zilizoingia, zilizotoka na salio. Ipakueni kila asubuhi, iingizwe BigQuery kama ilivyo, kisha ilinganishwe na jedwali safi kwa risiti. Ulinganisho huo una majibu matatu tu ya kutazama: risiti iliyo pande zote na kiasi ni kimoja, risiti iliyo kwenye taarifa lakini haipo kwenu, na risiti iliyo kwenu lakini haipo kwenye taarifa. La pili ni ujumbe uliopotea. La tatu ni zito, kwa sababu linaweza kuwa ujumbe wa kughushi, na lisilale bila mtu kulitazama.

Marejesho yasifutwe. Muamala wa M-Pesa ukirudishwa, urejeshaji hupata risiti yake mpya na ule wa awali hubaki ulivyo. Basi nanyi andikeni mstari mpya wenye kiasi hasi na uelekeze risiti ya awali. Kwa kadi, mwenye kadi anaweza kupinga malipo kupitia benki yake miezi kadhaa baada ya kununua, kwa kawaida hadi siku 120, kwa hiyo mauzo ya kadi ya mwezi uliopita hayajawa ya kudumu kama yale ya M-Pesa, na ripoti yako inapaswa kuyatenganisha.

Namba ya akaunti ya Paybill inastahili neno moja. Mteja huiandika kwa mkono, na kwenye sehemu ya BillRefNumber mtakuta oda 1043 ikiwa imeandikwa ODA1043, oda 1043, 1043 yenye nafasi mbele, na wakati mwingine jina la mtoto wa mnunuzi. Wekeni kanuni ya kuondoa nafasi na kubakiza tarakimu, lakini isiyotambulika iachwe wazi na ikae kwenye orodha ya kushughulikiwa na mtu, maana kuibahatisha oda ni kumpelekea mmoja mzigo wa mwenzake.

Kuhusu kununua programu iliyo tayari: kwa upande wa Paystack zipo, Airbyte ikiwa mojawapo, na zinafaa kwa kuvuta miamala na mikupuo kila siku. Kwa Daraja, kipokezi hakikwepeki, kwa sababu habari zake husukumwa kwako na mtu lazima awepo wa kuzipokea. Gharama ya wingu isikutishe. Malipo 300 kwa siku ni mistari 109,500 kwa mwaka, na kila mstari ukiwa na kilobaiti 1 hiyo ni takriban megabaiti 110, wakati BigQuery hutoa gigabaiti 10 za hifadhi na terabaiti 1 ya maulizo kila mwezi bila malipo. Lakini angalia kama kijana wako alifungua akaunti ya majaribio isiyo na kadi ya malipo, inayoitwa sandbox: humo majedwali hufutika yenyewe baada ya siku 60 na MERGE haifanyi kazi. Washeni malipo hata kama bili itakuwa sifuri. Chagueni pia mahali pa kuhifadhi data kabla ya kuanza, kwa kuwa mahali pa mkusanyiko wa majedwali hapabadilishwi baadaye. Kituo cha Google kilicho karibu zaidi nasi barani ni Johannesburg.

Namba za simu zimenifikirisha kuliko yote uliyouliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuhesabu wewe kuwa mwenye dhamana ya taarifa za wateja wako, na hesabu ya mauzo haihitaji simu ya mtu. Unachohitaji ni kujua kwamba mnunuzi wa leo ndiye yule wa mwezi jana. Wengine huigeuza simu kuwa alama fiche ya SHA-256 wakaona yametosha, ilhali namba zinazoanza na 2547 ni milioni 100 tu, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote kwa muda mfupi ikapata namba halisi ya kila mteja. Tumieni HMAC yenye ufunguo wa siri unaokaa nje ya BigQuery, ifanyike ndani ya kipokezi kabla ujumbe haujaingia kwenye foleni, na hilo liwe badiliko pekee linaloruhusiwa kwenye ghafi. Namba kamili ya kadi wala tarakimu za nyuma ya kadi zisifike kwenu kabisa. Tarakimu 4 za mwisho zinatosha kumsaidia mteja anayepiga simu.

Kesho msianze kwa kuandika programu mpya. Pakua taarifa ya M-Pesa ya mwezi mmoja uliopita, iingizeni BigQuery kwenye jedwali lake, na mhesabu kila risiti imetokea mara ngapi kwenye majedwali mliyo nayo sasa. Zinazotokea mara mbili zitakuonyesha ni kiasi gani cha ile jumla kubwa hakikuwepo. Zisizotokea kabisa, niandikie idadi yake na saa zake: zikiwa zimekusanyika katika saa chache, seva ilikuwa imezimika, zikiwa zimetawanyika mwezi mzima, tutaanza kutazama anwani mliyoisajili.